Munganga wa Vijiji 25

Nyumbani kwetu Butembo neno munganga halichagui mtu. Munganga ni daktari wa hospitali kubwa, ni muuguzi wa kituo cha afya, na kwa wazee ni yule wa mizizi na majani pia. Anayetaka kuwatenganisha huongeza neno: munganga wa hospitali, munganga wa kienyeji. Sisi wa lugha za Kiafrika tunaujua mzizi wake, ule wa Kibantu cha kale uliozaa nganga ya Kikongo, monganga ya Kilingala na mganga wa Waswahili wa pwani. Mwaka uliopita, katika somo la isimu linganishi, kila mmoja wetu alipewa lugha moja isiyo ya Kiafrika ili atafute neno la daktari na aeleze lilikotoka. Mimi niliangukia Kirusi. Neno lao ni vrach, na wataalamu wengi wa asili ya maneno wanalihusisha na kitenzi cha zamani kilichomaanisha kusema, kitenzi kilekile ambacho Warusi wa leo wanakitumia kwa maana ya kusema uongo. Kumbe munganga wa Kirusi naye, hapo kale, alikuwa mtu wa maneno, anayeunong'onea ugonjwa mpaka utoke.

Nikaenda maktaba kutafuta mtu aliyewahi kubeba jina hilo. Rafu ya Warusi kwetu si ndefu, na karibu vitabu vyote ni tafsiri za Kifaransa. Hapo nilimkuta Anton Chekhov, ambaye Wafaransa wanamwandika Tchekhov. Nilikuwa nimemsoma mwaka wa kwanza kama mtu wa tamthilia na hadithi fupi: watu wanaoongea bila kusikilizana, kimya kirefu kati ya maneno, na kadhalika. Kwamba alikuwa na shahada ya udaktari nilijua, lakini nilijua kama mtu anavyojua kwamba fulani alikuwa mrefu. Kwamba alikabidhiwa vijiji 25 avikinge na kolera, bila mshahara, hilo sikuwa nimeambiwa. Tangu hapo nimemsoma upya, na maisha yake ninayaandika kutoka upande huo. Upande wa tamthilia una waandishi wa kutosha.

Alizaliwa mwezi wa kwanza 1860 huko Taganrog, mji wa bandari kwenye Bahari ya Azov, kusini mwa Urusi. Babu yake alizaliwa mali ya bwana mwenye shamba, kama wakulima wengi wa Urusi wa wakati ule, na mwaka 1841 ndipo alipojikomboa kwa fedha zake, yeye na jamaa yake. Baba, Pavel, alikuwa na duka la vyakula. Alikuwa mtu wa kanisa na wa fimbo. Mwaka 1876 duka lilifilisika, baba akawakimbia wadai, akajificha Moscow, na jamaa ikamfuata. Anton alikuwa na miaka 16. Alibaki Taganrog peke yake miaka mitatu ili amalize shule ya sekondari, akijilipia kwa kufundisha watoto wa wengine na bado akituma kidogo kwa wazazi. Kuna wasomaji wa jarida hili ambao hawahitaji kuelezwa zaidi.

Mwaka 1879 aliingia kitivo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha Moscow. Mchana alisoma mifupa na mishipa, usiku aliandika vichekesho vya magazeti kwa jina la bandia, Antosha Chekhonte, na malipo ya vichekesho ndiyo yaliyolisha nyumba nzima. Kati ya walimu wake wawili ninawataja. Wa kwanza ni Zakharyin, aliyekuwa na sifa Urusi yote kwa namna yake ya kuhoji mgonjwa. Zakharyin hakuanza na kifua wala ulimi. Alianza na nyumba unamolala, chakula unachokula, kazi unayofanya, usingizi wako, na aliuliza kwa utaratibu mrefu mpaka mtu mzima mwenye jina na historia atokee mbele yake. Kwake mgonjwa wa leo hakuwa nakala ya mgonjwa wa jana mwenye ugonjwa uleule. Chekhov alimpenda mwalimu huyo, na akamweka katika udaktari pale alipomweka Tolstoy katika fasihi. Mwalimu wa pili ni Ostroumov. Huyo atarudi.

Alimaliza 1884. Majira hayo ya joto alifanya kazi katika hospitali ndogo ya mashambani karibu na Voskresensk, kisha Zvenigorod, akishika nafasi ya daktari aliyekwenda likizo. Mwezi wa 12 mwaka huohuo alitema damu. Alikuwa na miaka 24, umri wangu. Yeye daktari, tena aliyetoka darasani jana, alijua damu hiyo inaweza kuwa na maana gani. Alisema ni mshipa wa koo, akaendelea na kazi, na kwa miaka zaidi ya 12 hakukubali mwenzake yeyote amwekee sikio kifuani ipasavyo.

Hapa inafaa nieleze mfumo alioufanyia kazi, maana bila huo mambo ya 1892 hayaeleweki. Wakulima wa Urusi waliachiwa huru mwaka 1861. Mwaka 1864 serikali ikaunda mabaraza ya wilaya, yaliyoitwa zemstvo, yashughulikie barabara, shule na afya ya mashambani. Kabla ya hapo, mtu wa kijijini hakuwa na daktari hata kwa ndoto. Zemstvo ikagawa kila wilaya katika maeneo, na kila eneo likapewa daktari mmoja, hospitali ndogo yenye vitanda vichache, na wasaidizi. Huduma ikawa bure au karibu na bure, ikilipiwa na kodi ya wilaya. Wanafunzi wa afya watatambua umbo lake: eneo la afya, kituo, daktari mmoja wa kila kitu, anayezalisha asubuhi, anang'oa jino mchana na kuunga mfupa usiku. Msaidizi wake aliitwa felsheri, neno lililotoka Ujerumani, kwa kinyozi wa jeshi aliyekuwa pia akifunga majeraha. Felsheri alisomea kidogo na kufanya mengi. Katika hadithi moja ya mwaka 1884 Chekhov alimchora felsheri wa namna hiyo akimng'oa jino mtumishi wa kanisa. Unacheka mpaka ukumbuke kwamba jino halikutoka zima.

Mwaka 1889 kaka yake Nikolai, mchoraji, alikufa kwa kifua kikuu. Mwaka uliofuata Anton alifanya jambo ambalo rafiki zake hawakulielewa. Alifunga safari kwenda Sakhalin, kisiwa kilicho mwisho wa mashariki ya Urusi, ambako serikali ilikuwa ikitupa wafungwa. Reli ya Siberia haikuwapo bado. Alisafiri karibu miezi mitatu kwa treni, meli za mitoni na mikokoteni ya farasi, katika matope na mafuriko, na akafika mwezi wa saba 1890. Alikaa miezi mitatu na siku chache.

Alichofanya huko ni sensa. Alichapisha kadi katika kiwanda cha chapa cha kisiwani, akaingia nyumba kwa nyumba, kambi kwa kambi, na kujaza kadi zipatazo 10,000 kwa mkono wake: jina, umri, dini, mahali pa kuzaliwa, mwaka wa kufika kisiwani, kazi, kama anajua kusoma, kama ana mke au mume, ugonjwa. Kwangu huyo ni Zakharyin aliyehojiwa juu ya kisiwa kizima. Yeyote aliyewahi kwenda vijijini na dodoso la lugha anajua kwamba jibu la kwanza mara nyingi ni la kukufukuza, na kwamba ukivumilia swali la tano ndipo mtu anaanza kusema. Huko Sakhalin kulikuwa na watu wasiojua umri wao. Kulikuwa na wanawake ambao daftari la serikali halikuwa na neno halali la kuwaita, kwa kuwa waliishi na wanaume waliopewa tu. Na kulikuwa na wengi walioandikishwa kwa jina la ukoo Nepomnyashchy, maana yake asiyekumbuka: watoro waliokamatwa wakakataa kusema wao ni nani, na ofisi ikageuza ukimya wao kuwa jina. Kitabu alichokitoa baadaye kuhusu kisiwa hicho si hadithi. Kina hesabu, hospitali chafu, watoto wenye njaa, viboko alivyoshuhudia. Alitaka kiwe mchango wake kwa udaktari.

Mwezi wa tatu 1892 alinunua shamba Melikhovo, kiasi cha kilometa 70 kusini mwa Moscow, katika wilaya ya Serpukhov, kwa rubli 13,000 ambazo nyingi zilikuwa za mkopo. Alihamia na wazazi wake na dada yake Maria. Habari kwamba bwana mpya ni daktari ilienea kabla mizigo haijafunguliwa. Alfajiri watu walikuwa tayari uani, wengine kwa miguu, wengine wamelazwa ndani ya mikokoteni, akina mama na watoto mgongoni. Aliwatibu bure na dawa alizinunua mwenyewe. Maria, ambaye hakusomea uuguzi, alijifunza kufunga vidonda na kupima dawa.

Kisha kolera ikaja. Ilipanda kutoka Bahari ya Kaspi kufuata mto Volga, katika nchi iliyokuwa imetoka tu katika njaa kubwa ya 1891. Koch alikuwa ameshamtambua kijidudu wake miaka minane hivi kabla, lakini kumjua si kumshinda. Tiba iliyokuwa ikisifiwa ilikuwa ya Mwitaliano Cantani: kumwingizia mgonjwa kwa nyuma maji moto mengi yenye tanini, na kumchoma maji ya chumvi chini ya ngozi. Chekhov alijiandaa kuitumia bila kuitumainia sana. Sisi tunaoishi kandokando ya maziwa tunajua leo kwamba maji, chumvi na sukari kwa kipimo sahihi, vikinywewa mapema, vinaokoa wengi. Ujuzi huo ulithibitishwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1892 daktari wa kijiji alikuwa na chokaa, sabuni, banda la kuwatenga wagonjwa, na mdomo.

Na mdomo ulikuwa na kazi ngumu. Katika miji ya Volga watu walikuwa wamewageukia madaktari. Ilisemekana kwamba wanatia sumu visimani, kwamba wanawazika watu wakiwa hai, kwamba mabanda yamejengwa ili wakulima wapunguzwe. Huko Astrakhan na Saratov mabanda na hospitali zilivamiwa. Huko Khvalynsk daktari mmoja, Molchanov, aliuawa na umati barabarani.

Niliposoma habari hiyo niliweka kitabu chini. Ebola ilipotangazwa kwetu mwezi wa nane 1918, la, 2018 (kalamu imeteleza yenyewe, nami ninaiacha), nilikuwa sekondari. Mpaka ilipotangazwa kwisha katikati ya 2020, zaidi ya watu 2,200 walikuwa wamekufa katika Beni, Butembo na kandokando, na kati yao wamo waliouawa kwa risasi na mawe kwa sababu tu walikuja kutibu au kuzika. Timu zile tuliziita riposte, kwa Kifaransa, na neno likabaki hivyo hata kwa wasiojua Kifaransa. Riposte ni kurudisha pigo. Ni neno la upanga. Nyanya yangu, ambaye Kinande ndicho anachoota nacho, alisikia matangazo ya Kifaransa na Kiswahili cha redio, akauliza nani anampiga nani. Hakuna mtu aliyekaa naye kumjibu. Sidai kwamba tafsiri nzuri ingezuia mauaji. Kulikuwa na silaha, siasa na miaka mingi ya vita ndani yake. Ninasema tu kwamba nilikuwa nimeshaona, kabla ya kumfungua Chekhov, jinsi dawa inavyoweza kufika mlangoni na neno likabaki nyuma.

Baraza la Serpukhov halikuwa na fedha wala madaktari wa kutosha. Lilimwomba Chekhov achukue eneo. Alikubali, na mshahara akaukataa ili asiwe chini ya mtu. Akapewa vijiji 25, viwanda vinne na nyumba moja ya watawa. Banda hakukuwa na hata moja. Ikabidi akaombe.

Majira yale ya joto ya 1892, kwa hiyo, mwandishi aliyekuwa tayari na jina Urusi nzima alizunguka kwa gari bovu na farasi wabaya, akibisha milango ya matajiri. Wenye viwanda walisikia na wakajenga. Mkuu wa watawa alikataa kutoa nafasi kwa wagonjwa. Mama mmoja wa ukoo mkubwa, mwenye ardhi jirani, alimpokea kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Hapo Chekhov alifanya jambo lililonifurahisha kuliko yote: aliwadanganya. Aliwaambia wote wawili kwamba yeye ni tajiri na hahitaji fedha yao. Alikuwa na deni mpaka shingoni. Wale wa asili ya maneno watakumbuka kitenzi nilichokitaja mwanzoni.

Vijijini kazi ilikuwa nyingine. Aliitisha mikutano, akaeleza kolera ni nini, inapitia wapi, maji gani yasinywewe, choo kiwekwe wapi, na kwa nini mtu akianza kuhara asifichwe. Aliwajua watu hawa kwa uani wake; wengi alikuwa ameshawatibu kikohozi au kumtazamia mtoto. Nadhani hapo ndipo siri ilipokuwa, kama kuna siri. Wa Khvalynsk alikuja kwa watu pamoja na ugonjwa. Chekhov alikuwa amewatangulia kwa miezi michache ya majipu, surua na meno. Katika eneo lake hakuna banda lililochomwa, na hakuna aliyemwinulia mkono.

Wakati huohuo wagonjwa wa kawaida hawakusubiri kolera ipite. Walikuja na kuhara damu, kaswende, kifua kikuu, mikono iliyokatwa na mundu wakati wa mavuno. Aliamshwa usiku. Aliandika ripoti kwa baraza, alihudhuria vikao, alihesabu chokaa. Hadithi hakuandika karibu hata moja miezi ile, na hadithi ndizo zilizokuwa mshahara wake. Alilalamika sana kwa barua kwa rafiki zake: uchovu, kuchoshwa na mazungumzo yaleyale ya matumbo, farasi, barabara. Halafu majira yalipokwisha akaungama kwamba hajawahi kupitisha majira mazuri kama hayo.

Na kolera haikufika. Ilikaribia, kilometa 30 hivi, ikaua katika vijiji vya jirani, lakini vijiji vyake 25 haikuviingia mwaka ule. Mwaka 1893 tishio lilirudi, naye akashika zamu tena. Mwandishi wa maisha ya mtu hupenda mapambano yenye ushindi, na hapa hakuna. Labda mabanda na mikutano vilisaidia, labda ugonjwa ulipita tu njia nyingine. Daktari wa kijiji anafanya kazi ambayo, ikifaulu kabisa, haionekani. Mwezi wa 11 mwaka 1892, lilichapishwa gazetini jina ambalo kila mwanafunzi wa fasihi analijua, Wadi Namba 6, hadithi ya daktari wa mji mdogo anayejishawishi kwamba mateso hayana maana kubwa na kwamba hospitali yake chafu si kosa lake, mpaka anafungiwa humo na yeye. Nilipoisoma mwaka wa kwanza niliiandikia kazi kuhusu falsafa. Leo ninaona kwamba aliyeiandika alikuwa akinunua dawa kwa fedha yake, na kwamba yule daktari wa hadithi ni mtu ambaye angeweza kuwa, asubuhi yoyote ambayo angeamua kutoamka.

Nisimfanye mtakatifu. Zamu yake rasmi ilikuwa ya miaka miwili ya tishio. Madaktari wa zemstvo waliifanya maisha yao yote, kwa mshahara mdogo, na typhus iliwaua wengi wao. Chekhov alipochoka alipanda treni kwenda Moscow, kwenye karamu na waigizaji. Rafiki yake Kurkin, daktari wa zemstvo wilayani humo humo, hakuwa na treni ya namna hiyo. Ni Kurkin aliyetoa ramani ya eneo ile ambayo daktari Astrov anaionyesha jukwaani katika Mjomba Vanya. Watazamaji wa Moscow walimtazama mwigizaji, na ramani ilikuwa ya kweli. Astrov mwenyewe, anayekunywa ili asahau mgonjwa aliyemfia mkononi, ni mtu wa kundi la Kurkin zaidi ya la Chekhov.

Lakini Chekhov hakuacha mara tishio lilipokwisha. Aliendelea kuwapokea watu Melikhovo. Alijenga shule tatu, Talezh, Novoselki na Melikhovo yenyewe, akichanga na kuchangisha. Mwanzoni mwa 1897, sensa ya kwanza ya Urusi nzima ilipofanyika, alisimamia wahesabu wa eneo lake, akiingia tena nyumba baada ya nyumba, akigonga kichwa kwenye vizingiti vifupi. Mwezi wa tatu, akiwa mezani katika hoteli moja ya Moscow, damu ilimtoka kinywani na haikukoma. Alipelekwa katika kliniki ya Ostroumov, mwalimu wake wa zamani. Sasa hakukuwa na pa kukimbilia, walimsikiliza kifua. Mapafu yote mawili. Akaambiwa akae kusini wakati wa baridi na aache udaktari wa vijijini. Wiki chache baadaye ilitoka hadithi yake Wakulima, na wasomaji wa mijini walishtuka jinsi alivyowaonyesha maskini wa kijijini bila asali: ulevi, kipigo, njaa, na bado watu. Walijiuliza ameyatoa wapi. Ameyatoa uani.

Kuna jambo moja la miaka ile linalotuhusu sisi tulio chuoni. Chekhov alitamani kufundisha. Mwenzake wa darasa, Rossolimo, aliyekuwa amekuwa bingwa wa mishipa ya fahamu, alisimulia baadaye kwamba Chekhov alitaka kuwa na somo lake katika kitivo cha udaktari, na katika somo hilo angewafanya wanafunzi waingie ndani ya mgonjwa, wahisi anachohisi anapoumwa. Ili afundishe alihitaji shahada ya udaktari ya juu, na tasnifu yake ingekuwa kitabu cha Sakhalin. Rossolimo akaenda kwa mkuu wa kitivo kupima maji. Mkuu alimtazama juu ya miwani, akageuka, akaenda zake bila kujibu. Kadi 10,000 hazikutosha. Ninapojaza fomu za memwari yangu ninamfikiria mkuu yule, na sina hakika kwamba mimi ningekuwa kwenye kiti chake ningejibu tofauti. Somo la kusikiliza lingewekwa katika idara gani?

Mwaka 1899 aliuza Melikhovo na kuhamia Yalta, kwenye Bahari Nyeusi, penye hewa ya wagonjwa wa mapafu. Hata huko walimfuata, wenye kifua kikuu maskini kutoka Urusi yote, naye akawatafutia vyumba na kuwachangia. Aliandika tamthilia zake mbili za mwisho, akamwoa mwigizaji Olga Knipper mwaka 1901, akadhoofika. Mwezi wa sita 1904 walikwenda Badenweiler, mji mdogo wa maji ya moto nchini Ujerumani.

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Julai aliamka akikosa pumzi, na kwa mara ya kwanza maishani aliomba mwenyewe aitiwe daktari. Alikuja Mjerumani, Schwörer. Chekhov aliketi kitandani na kumweleza kwamba anakufa. Kijerumani alikijua kidogo sana, na mke wake, aliyetoka katika jamaa yenye asili ya Kijerumani, alikuwapo chumbani na angeweza kumtafsiria. Alimwambia kwa Kijerumani. Schwörer hakumpa dawa nyingine. Aliagiza shampeni, Chekhov akanywa gilasi yote taratibu, akalala kwa ubavu wa kushoto. Alikuwa na miaka 44.